Chama cha Ngoma ni cha Nani? Habari za Wachezaji wa Kambi za Shaba

Mara nyingi baada ya mafundisho ya Jumapili wazazi hutungoja nje ya kanisa wakiwa na swali moja: "Mwalimu, mtoto wangu ataka kuingia katika chama cha ngoma. Je, nimruhusu?" Wazazi wa Shituru huuliza hivyo kwa sababu ngoma hazikosi hapa kwetu. Zachezwa kwenye harusi na kwenye matanga, siku ya somo wa parokia, na siku wakubwa wa nchi wanapokuja kuutembelea mji. Mzazi mmoja aogopa upagani. Wa pili aogopa pombe na matembezi ya usiku. Wa tatu haogopi lo lote. Yeye ataka kujua tu kama mtoto atalipwa.

Sisi hatupendi kujibu upesi. Kuuliza si ujinga, lakini kujibu jambo usilolijua ni ujinga wa kweli. Basi leo tutazame kwanza historia: vyama vya ngoma vya miji ya shaba vilitoka wapi, viliwasaidia watu kwa namna gani, na viliharibika kwa njia gani. Mwishoni tutalirudia lile swali la wazazi.

Mji wa wageni

Likasi ina mitaa mikubwa minne: Likasi yenyewe, Kikula, Panda na Shituru. Toka Lubumbashi hata kwetu ni karibu kilometa 120. Tangu mwaka 1931 hata 1966 mji wetu uliitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mkubwa mmoja wa Ubelgiji. Kompani ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilichimba shaba katika nchi hii, na mwaka 1929 kiwanda kikubwa cha Shituru kilianza kazi. Mawe yenye shaba yalisagwa, yakatiwa katika asidi kali ili shaba iyeyuke, kisha nguvu ya umeme ikaivuta shaba ishike juu ya mabamba. Ndivyo shaba safi ilivyopatikana, nayo ikapelekwa kwa reli mpaka pwani na ng'ambo.

Kazi hiyo ilitaka mikono mingi, na Wasanga wenye nchi walikuwa wachache. Basi watu waliletwa kutoka mbali. Wengine walitoka Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, na Nyasaland. Wengine Lomami na Kasai. Wengine hata Ruanda-Urundi. Mwanzoni walikuja kwa miezi michache tu, wakarudi. Tangu mwaka 1927 au 1928 Kompani ilibadili shauri lake. Ikawapa watu mikataba ya miaka mitatu, ikawataka waje na wake zao, ikawajengea nyumba, ikawagawia posho, ikafungua hospitali, na shule ikawakabidhi wamisionari.

Huo ulikuwa msaada mkubwa, wala hatuwezi kuukana. Lakini nyumba na posho si ukoo. Kijijini mtu ana baba wadogo, wajomba, mashangazi na watani. Akiugua, wako wa kumtazama. Akigombana na mkewe, wako wa kuwapatanisha. Akifa, wako wa kumlilia na kumzika kwa heshima. Kambini jirani wa mkono wa kuume asema lugha moja, wa mkono wa kushoto lugha nyingine, nao wote wawili watajifunza Kiswahili kidogo kidogo kazini. Je, mtu huyu akifa usiku wa leo, nani atakesha naye? Ndilo swali lililozaa vyama vya ngoma.

Tena yafaa tukumbuke jambo moja. Kabla ya mwaka 1946 mfanyakazi Mwafrika wa Kongo hakuwa na ruhusa ya kuwa na chama cha wafanyakazi. Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita, watu wa Likasi na wa Elisabethville waligoma kwa ajili ya mishahara yao. Askari walipiga risasi, watu wengi wakafa. Katika nchi ya namna hiyo, mahali ambapo mtu wa kambi aliweza kumchagua mkubwa wake mwenyewe, kutoa mchango wake na kuuliza umetumiwaje, palikuwa pachache sana. Kiwanja cha ngoma kilikuwa pamoja navyo.

Mbeni yaingia

Wazee wengi wa miji ya shaba walilijua jina la Mbeni. Ngoma hiyo ilianza mbali, huko pwani, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Jina lake latoka katika neno la Kiingereza la kundi la wapiga tarumbeta. Watu wa pwani waliyaona makundi ya askari na ya mabaharia wakipiga tarumbeta na kwenda kwa hatua sawasawa, wakasema, "Hata sisi twaweza." Wakashona mavazi, wakachonga bunduki za miti, wakajipa vyeo: Mfalme, Gavana, Jenerali, Daktari. Mtaa ulishindana na mtaa kwa unadhifu, kwa nyimbo na kwa karamu. Huko Tanganyika vyama viwili vikajulikana kuliko vyote, Marini na Arinoti, vyenye matawi katika miji mingi.

Vita ya kwanza ya dunia iliisukuma ngoma hiyo bara. Askari na wapagazi walitembea nayo. Majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora mwezi wa Septemba 1916, nao askari wa Kongo wakaona mambo ya watu wa Tanganyika. Baada ya vita watu wakatawanyika kutafuta kazi, na Mbeni ikatawanyika pamoja nao. Katika miaka ya 1920 vyama vya Mbeni vilikuwa vimekwisha simama Elisabethville, na baadaye vikachezwa pia katika miji ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini.

Mzungu aliyepita kiwanjani aliona watu weusi waliovaa kama maafisa, akacheka au akakasirika. Hakuona kitabu cha karani wa chama. Profesa Terence Ranger, aliyechapisha kitabu kizima juu ya Mbeni mwaka 1975, aonyesha kwamba vyama hivi vilisaidia wagonjwa, vilizika wafu, na vilipokea wageni. Mwanachama aliyetoka mji mmoja akifika mji mwingine hakulala njiani; aliuliza nyumba ya wenzake wa chama, akapewa chakula na mahali pa kulala. Kumbe yule "Gavana" wa Jumapili, siku ya Jumatatu alikuwa kibarua kama wenzake, lakini ndiye aliyekwenda kuomba jeneza la mtu asiye na ndugu.

Serikali ziliogopa. Mwezi wa Mei 1935 wafanyakazi wa migodi ya Rhodesia ya Kaskazini waligoma, na huko Luanshya watu sita waliuawa kwa risasi. Tume iliyochunguza mambo hayo iliuliza pia habari za Mbeni, kwa sababu watu waliozoea kupatana juu ya ngoma waweza kupatana juu ya mambo mengine.

Wamisionari wengi nao hawakuipenda. Yafaa tuseme ukweli pande zote mbili. Waliona pombe, ulevi na ugomvi, na hayo yalikuwapo. Waliona watu wakicheza usiku kucha na kukosa Misa asubuhi, na hayo pia yalikuwapo. Lakini mara nyingine walichukia kwa sababu chama kilikuwa na wakubwa wake chenyewe na hakikuomba ruhusa ya mtu. Mapadre Wabenedikto wa Elisabethville hawakukataza tu. Walileta skauti, mpira wa miguu na kwaya, ili vijana wapate mchezo mwingine. Hapo walifanya jambo la akili, maana mtu aliyenyang'anywa ngoma bila kupewa kitu hubaki na chupa.

Kalela ya Luanshya

Ng'ambo ya mpaka, katika miji ya shaba ya Rhodesia, ngoma nyingine iliishika nafasi ya Mbeni. Iliitwa Kalela. Mtaalamu mmoja, J. Clyde Mitchell, aliitazama huko Luanshya mwaka 1951, akaandika habari zake katika kitabu kidogo mwaka 1956. Habari hizo zatufaa, kwa maana maisha ya Luanshya na ya Shituru yalifanana sana: shaba ile ile, kambi zile zile, posho ile ile.

Kikundi alichokitazama kilikuwa cha vijana wa kabila la Wabisa, karibu wote watu wa kazi za nguvu, wenye umri chini ya miaka 30. Ngoma zao zilikuwa madrumu ya mafuta yaliyowambwa ngozi za ng'ombe. Hawakuvaa majani wala ngozi. Walivaa suruali zilizopigwa pasi, fulana safi na viatu vilivyong'aa. Walikuwa na Mfalme wao katika suti na tai, na Daktari mwenye vazi jeupe lenye msalaba mwekundu. Alikuwapo mwanamke mmoja tu, ndiye Nesi, aliyepita katika mstari akishika kioo na leso ili kila mchezaji ajitazame na kujifuta jasho.

Lakini sikilizeni walivyoimba! Ngoma ilikuwa ya Wabisa, nyimbo ziliimbwa kwa Kibemba cha mjini, ili watu wote wa kambi wasikie maana. Waliisifu nchi yao na chifu wao. Kisha waliwacheka watu wa makabila mengine, lugha zao na desturi zao, na mara nyingine walijicheka wenyewe. Na hao waliochekwa walisimama pale pale kiwanjani, wakacheka kuliko wote.

Msomaji ajua jambo hilo, maana sisi sote twajua utani. Watu waliopigana zamani hupatana kwa kutaniana. Mtani aweza kunyang'anya jembe siku ya mazishi, na hakuna anayekasirika, kwa sababu ndiye pia atakayechimba kaburi. Wachezaji wa Kalela waliuhamisha utani kutoka kijijini na kuuleta mjini. Kambini watu walikuwa hawajuani, na mtu usiyemjua ni wa kuogopwa. Ngoma ilimpa kila kabila jina na mahali pake katika kicheko cha wote. Mtu akisha kukuchekesha mbele ya watu, ni vigumu kumwona tena kama adui.

Si sisi peke yetu

Msidhani kwamba ni mambo ya Waafrika tu. Tangu mwaka 1891 Waukraina, watu wa Ulaya ya Mashariki, walianza kuhamia Kanada kutafuta ardhi na kazi. Wengi wao walikuwa Wakatoliki wa madhehebu ya Kigiriki, waliounganika na Baba Mtakatifu wa Roma, na mwaka 1912 walipewa askofu wao wa kwanza huko, Nykyta Budka. Nao waliishi katika nchi ya lugha ngeni, wakafanya kazi za nguvu, wakachekwa kwa ajili ya mavazi yao na chakula chao.

Mtu mmoja wa taifa hilo, Vasyl Avramenko, alikuwa askari. Jeshi lake liliposhindwa, aliwekwa pamoja na wenzake katika kambi ya Kalisz, nchini Poland, na humo kambini mwaka 1921 akaanza kuwafundisha watu ngoma za kwao. Mwishoni mwa 1925 alifika Kanada, mwaka uliofuata akafungua shule yake huko Toronto, na kwa muda mfupi ngoma zake zikaenea katika miji mingi. Watoto waliozaliwa Kanada, wasioijua Ukraina hata kwa macho, wakajifunza hatua za babu zao katika kumbi zilizojengwa kwa michango ya maskini. Hata leo wako wachezaji, kama wale wa Shumka walioanza mjini Edmonton mwaka 1959, ambao wanasimama juu ya msingi huo.

Wapenzi, mwaona? Kambi ya Kalisz na kambi ya Shituru ziko mbali sana, lakini dawa ya upweke ilikuwa moja.

Huko Ukraina kwenyewe mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1937 serikali ya Kisovyeti ilianzisha kundi kubwa la ngoma mjini Kiev, likiongozwa na Pavlo Virsky na mwenzake Mykola Bolotov. Wachezaji wake ni hodari ajabu, na kundi hilo, ambalo leo laitwa kwa jina la Virsky, limesifiwa dunia nzima. Hatuwalaumu wachezaji. Lakini tukumbuke kwamba miaka minne tu kabla ya hapo, mwaka 1932 na 1933, njaa iliyoletwa na serikali ile ile iliua mamilioni ya Waukraina. Na mwaka 1946 Kanisa la Kigiriki-Katoliki lilipigwa marufuku huko, likaishi kwa kujificha mpaka 1989. Watawala walipenda ngoma ya watu, lakini watu wenyewe hawakuwapenda. Neno hili tulishike, maana litaturudia nyumbani.

Ngoma yaingia kanisani

Huku Katanga baadhi ya mapadre walianza kuona kwamba walikuwa wamekataa kitu chema pamoja na kibaya. Elisabethville walikuwako Waimbaji Wadogo wa Msalaba wa Shaba, watoto waliofundishwa na Padre Anschaire Lamoral, Mbenedikto. Joseph Kiwele, mwalimu na mtunzi, aliandika Misa ya Kikatanga kwa sauti za kwetu. Huko Kamina Padre Guido Haazen, Mfransisko, alikusanya watoto na walimu wa shule, wakaimba na kucheza nyimbo za Kiluba. Kundi hilo liliitwa Watrubadua wa Mfalme Baudouin. Mwaka 1958 waliimba kwa mara ya kwanza Missa Luba, na mwaka huo huo walikwenda Ulaya, wakaimba na kucheza huko Brussels wakati wa maonyesho makubwa ya dunia. Watu wa Ulaya walishangaa kusikia Kirie ikiombwa kwa huzuni ya Kiluba.

Miaka mitano baadaye, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Vatikano ulitoa hati juu ya Liturujia Takatifu, ikatoa nafasi kwa desturi njema za mataifa. Kazi iliendelea, na tarehe 30 Aprili 1988 Roma ilithibitisha Misale ya majimbo ya Zaire. Tangu hapo padre na watumishi wake kuizunguka altare kwa hatua za ngoma si mchezo wa kuibia tena. Ni ibada yenye ruhusa. Mfalme Daudi alicheza mbele ya Sanduku la Agano, na mkewe Mikali akamdharau moyoni. Tusiwe wana wa Mikali.

Ngoma ya bwana

Lakini miaka hiyo hiyo ngoma ya Kongo iliugua ugonjwa ule wa Kiev. Mwaka 1967 Rais Mobutu aliunda chama chake, MPR, ambacho baadaye kilikuwa chama cha pekee nchini. Katika miaka ya 1970 ikaja ile iliyoitwa kwa Kifaransa animation politique. Kila shirika, kila shule, kila kiwanda kilipaswa kuwa na kikundi cha wachezaji. Kompani ya shaba ilikuwa imekwisha chukuliwa na serikali mwaka 1967, baadaye ikaitwa Gécamines, nayo haikuachwa nje. Ngoma za mababu zilitolewa nyimbo zake, zikatiwa nyimbo mpya za kumsifu mtu mmoja. Watu waliacha kazi ili wakacheze kando ya barabara wakimngoja mkubwa apite, juani, saa nyingi.

Mwaka 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa, na Kardinali Malula alikaa kwa muda nje ya nchi kwa sababu ya ugomvi na serikali. Walisema wanarudisha mila za mababu. Kumbe mababu hawakucheza kwa amri ya mpita njia! Ngoma ya mavuno ilichezwa na waliovuna, na ngoma ya msiba ilichezwa na waliofiwa. Kuchezea sifa za mtu usiyemjua, kwa kuogopa kufukuzwa kazi, huko hakutoki kwa wazee wetu.

Jambo moja lililopotea wakati ule ni kubwa kuliko nyimbo. Kikundi kikipata mavazi yake kutoka kwa mkubwa, na nauli yake kutoka kwa mkubwa, hakihitaji tena mchango wa wanachama. Na kisipokuwa na mchango, hakina sanduku. Kisipokuwa na sanduku, hakizikani.

Mwaka 1992

Sasa twafika penye kidonda. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 1993 shaba yote iliyopatikana haikufika tani 50,000. Njaa ilipoingia kambini, watu walianza kuulizana, "Nani ni mgeni hapa?"

Mwaka 1992, hasa tangu Agosti na Septemba, wanasiasa waliwachochea vijana dhidi ya ndugu zetu wenye asili ya Kasai. Hapa Likasi maelfu kwa maelfu walifukuzwa nyumbani mwao. Wengi wao walizaliwa hapa hapa. Babu zao waliletwa na Kompani. Walijazana katika stesheni ya reli na katika mashule, wakikaa miezi mingi wakingoja gari la moshi la kuwapeleka katika nchi ambayo wengine hawajaiona kamwe. Watoto na wazee walikufa kwa magonjwa, humo stesheni na humo ndani ya mabehewa.

Hatusemi kwamba ngoma ndiyo iliyoleta mambo hayo. Yaliletwa na siasa, njaa na dhambi. Lakini hatuna budi kujiuliza. Waliofukuza na waliofukuzwa waliishi katika kambi moja, walichota maji katika bomba moja, walisimama katika kiwanja kimoja siku za sikukuu. Vile vyama vya zamani, ambavyo vilikuwa vimewafundisha watu kuchekana bila kuchukiana, vilikuwa wapi? Karibu vyote vilikuwa vimekwisha geuzwa kuwa vya kumsifu bwana, au vimekufa. Utani ulipokufa, kilichobaki ni matusi. Neno lile lile ambalo babu alilisema kwa kicheko katika duara la ngoma, mjukuu alilisema akishika jiwe.

Wala sisi wa kanisa tusinyoshe kidole kwa wengine tu. Waliofukuza walikuwamo waliobatizwa, na waliofukuzwa pia. Walikuwako Wakristo waliowaficha majirani zao nyumbani, tena kwa hatari, na Mungu awalipe. Lakini hawakuwa wote.

Tulirudie swali

Basi tumjibu nini yule mzazi anayetungoja nje ya kanisa?

Mwaka 2003 watu zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa malipo ya mwisho. Tangu siku hizo mtu wa kambi hawezi kutegemea kampuni kwa jeneza, kwa hospitali wala kwa ada ya shule. Twarudi karibu na pale babu zetu walipoanzia: mtu akifa usiku wa leo, nani atakesha naye? Kwa hiyo vyama vya watu, na vya ngoma pamoja navyo, vina kazi leo kama vilivyokuwa nayo katika miaka ya 1920. Hatuwezi kusema ni upuzi.

Lakini mzazi asitazame kwanza mavazi ya chama wala sauti ya ngoma zake. Aulize mambo matatu.

La kwanza, aulize habari za sanduku. Wanachama watoa mchango? Nani aushika, na nani ahesabu mbele ya wote? Mara ya mwisho walipomzika mtu, alikuwa nani? Chama kisicho na kaburi hata moja cha kuonyesha ni chama cha kelele tu.

La pili, aulize habari za mlango. Je, mtoto wa kabila lingine akitaka kujifunza hatua zao, apokewa? Wabisa wa Luanshya walicheza ngoma ya kwao, wakaiimba kwa lugha ya wote. Kuipenda ngoma ya baba yako si ukabila. Ukabila ni kumfungia jirani mlango, au kumcheka mtu ambaye humruhusu naye akucheke.

La tatu, aulize habari za bwana. Ni nani awaitaye kucheza, na waweza kumkatalia? Vijana wetu wana shida ya fedha, nasi hatuwalaumu wakipokea malipo ya haki kwa jasho lao. Lakini wakati wa uchaguzi huja watu wenye fulana mpya na noti mkononi, wakitaka nyimbo za kuwatukana wengine. Kikundi kinachokubali hayo kimekwisha kuuzwa, na siku ya maafa hakitakuwa na neno la kuwaambia majirani.

Kama majibu ya mambo hayo matatu ni mema, basi mzazi amruhusu mtoto, ampe na mchango wa kwanza mkononi. Saa za Misa na za shule zisiguswe, na pombe isikaribie watoto. Hayo yanapatana kwa maneno machache na wakubwa wa chama, ambao mara nyingi nao ni wazazi. Tena sisi wenye kufundisha dini tusikae mbali tukinung'unika. Twende kiwanjani, tukae kwenye benchi pamoja na wazee, tutazame. Mtu akiwa mgonjwa katika chama hicho, tukamtembelee pamoja nao. Tukifika pamoja kwenye kitanda cha mgonjwa na kwenye kaburi, hatutakuwa na haja ya kugombana juu ya ngoma.

Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, tulipita penye kiwanja tukakuta vijana wakijifunza hatua. Ngoma yao moja ilikuwa drumu la mafuta lililowambwa ngozi, kama lile la Luanshya. Mzee mmoja, aliyefanya kazi kiwandani miaka mingi, alikuwa amekaa kivulini akiwasahihisha. Tulimwuliza, "Mzee, hii ngoma ni ya kabila gani?" Alitutazama kidogo, akasema, "Ni ya hao wanaonizika." Kisha akageuka, akampigia kelele kijana mmoja aliyekosea mguu.